Nani Amchagulie Binti Yetu Sodo?



 

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaotusoma, leo tunaandika jambo ambalo tuliombwa tuliandike kwa namna moja, nasi tumeona tuliandike kwa namna nyingine. Mama mmoja wa hapa Mombasa alimfungulia binti yake begi siku shule ilipofungwa, akakuta ndani yake kikombe cha hedhi. Kwa asiyekijua, ni kikombe kidogo laini cha silikoni ambacho mwanamke hukiweka ndani ya utupu wake kikapokea damu, badala ya kuvaa sodo. Kuna wageni walifika shuleni wakawagawia wasichana wa kidato cha pili. Mama hakuuliza. Alikichukua akakitupa jaani, akamzaba binti kofi, na likizo nzima hapakuwa na neno jema baina yao. Kisha akatuletea ujumbe, na nyuma yake wakaja wengine watatu wenye ujumbe kama ule: tuandike makala, tuwakataze mabinti wa Kiislamu vitu hivi "vya makafiri" vinavyoondoa ubikira na haya.

Tulikaa, tukasoma, tukawauliza masheikh wetu na daktari mmoja wa kina mama. Makala ya kukataza hatutaiandika. Tunaandika kinyume chake, na atakayekasirika atuvumilie mpaka mwisho.

Tuanze na hiyo haya, maana ndiyo fimbo tunayopigiwa nayo kila tukigusa mambo haya. Haya ni katika imani, hilo halina ubishi. Lakini ni nani aliyetufundisha kwamba haya ni kunyamaza? Hamna bint Jahsh (Radhiya Allahu 'anha) alikuwa akitokwa na damu nyingi isiyokatika. Alimwendea Mtume (S.A.W.), akamkuta nyumbani kwa dada yake Zaynab, akamweleza. Na Mtume wa Allah hakugeuza uso, wala hakumwambia kamuulize mama yako. Alimshauri atumie pamba, kwa kuwa pamba hunyonya damu. Hamna akasema damu ni nyingi kuliko hivyo. Akamwambia basi ajifunge. Akasema ni nyingi kuliko hivyo pia. Akamwambia atumie nguo. Akasema, inamwagika kabisa. Ndipo akamweleza namna ya kuhesabu siku zake na kuswali. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi, na masheikh wanaisomesha kila mwaka katika darsa za fiqhi.

Itazame vizuri, ndugu msomaji. Mwanamke anataja hali yake, Mtume anamtajia kitu cha kutumia, mwanamke anasema hakinitoshi, anatajiwa kingine. Aliyejua kiasi cha damu yake ni Hamna, na neno lake ndilo lililofuatwa. Mazungumzo haya haya, leo yakifanyika baina ya binti na baba yake sebuleni, tungesema dunia imekwisha!

Na hiyo pamba haikuwa ya kuvaliwa nje tu. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba wanawake walikuwa wakimpelekea Bibi Aisha (R.A.) vijikebe vyenye pamba iliyokuwa na rangi ya manjano ya hedhi, wamuulize kama wameshatwaharika, naye akiwaambia wasifanye haraka mpaka waone weupe. Pamba ile walikuwa wakiipachika mwilini ili wajue damu imekatika au bado. Basi anayesema kwamba mwanamke wa Kiislamu kuweka kitu ndani ni uzushi wa Wazungu, amesahau vijikebe vya wanawake wa Madina. (Na kama shida ni kwamba kikombe kimetengenezwa na makafiri, simu tuliyoletewa ujumbe huo nayo haikutengenezwa Makka.)

Kuna la kuchekesha zaidi. Watoto wetu wa madrasa hapa pwani, wavulana kwa wasichana, wanahifadhi Safinatun Najaa wakiwa na miaka tisa au kumi. Ndani yake mna hedhi: uchache wake ni usiku mmoja na mchana wake, ghalibu yake siku sita au saba, na wingi wake siku kumi na tano. Kijana anaisoma kwa sauti mbele ya ustadhi wake na anapewa pipi. Kijana huyo huyo akitimiza miaka thelathini na kuoa, mkewe akimwambia ampitie dukani amnunulie sodo, anatetemeka kama ametumwa kununua mvinyo. Akinunua, muuza duka naye anaifunga kwa gazeti tabaka mbili. Elimu imekwenda wapi?

Sasa tuje kwenye ubikira, maana hapo ndipo lilipo jiwe lenyewe.

Wazazi wanaogopa kwamba kikombe au tamponi vitachana kizinda, na binti akiolewa aonekane si bikira. Hofu hii hatuidharau. Tunajua kwamba kuna binti aliyerudishwa kwao usiku wa harusi, na tunajua fedheha iliyofuata. Lakini hofu isiyo na elimu ndiyo iliyomfikisha huko. Kizinda si kifuniko kilichozibwa. Kingekuwa kimezibwa, damu ya hedhi ingetoka wapi? Ni utando wenye uwazi, na uwazi huo hautofautiani baina ya wanawake kwa ukubwa tu bali hata kwa umbo. Wako wanaozaliwa nao ukiwa mdogo sana na wako ambao ni mpana. Kwa mmoja unavutika bila kuchanika, kwa mwingine unachanika kwa mchezo au kwa kuanguka, na wako wanaoolewa wakiwa hawajaguswa na damu isitoke hata tone. Mwezi wa Oktoba 2018, Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa lilitaka upimaji wa ubikira upigwe marufuku, kwa kuwa hakuna kipimo kinachoweza kuthibitisha kwamba mwanamke ameingiliwa au hajaingiliwa.

Utatuambia hao ni Umoja wa Mataifa. Haya, tuwaache. Sisi watu wa pwani ni Mashafi'i. Mfungue Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa nikahi, utakuta amesema kwamba ubikira ulioondoka pasina kuingiliwa, kama kwa kuanguka, hauna athari katika kauli iliyo sahihi zaidi. Yaani binti huyo bado hukumu yake ni ya bikira. Imam alifariki mwaka 676 Hijria, hakuwa na haja ya kumfurahisha mfadhili yeyote wa Ulaya. Katika sheria yetu ubikira ni kutoguswa na mwanamume. Aliyeugeuza kuwa kipande cha ngozi cha kukaguliwa na mashangazi mlangoni ni ada yetu, na ada hiyo, tuseme kweli, haijawahi kumkagua bwana harusi.

Je, maana yake tunawahimiza mabinti wote watumie kikombe? La hasha. Kikombe kina masharti yake. Kinataka mikono iliyooshwa kwa maji na sabuni kila kinapowekwa na kutolewa. Kinataka kuchemshwa kabla ya siku kuanza na baada ya kwisha, katika sufuria ya peke yake. Na binti wa nyumba ya chumba kimoja, yenye choo kimoja kwa wapangaji sita, sufuria hiyo ataitenga wapi na ataiteleka saa ngapi? Anayeogopa kukiweka au anayeumia, asilazimishwe. Lakini mwenye kutaka na akayaweza masharti, hana la kuhofia. Jarida la The Lancet Public Health la mwaka 2019 lilikusanya tafiti 43 zenye washiriki zaidi ya 3,300 na kuona kwamba kikombe ni salama, na kwamba kuvuja kwake ni sawa na kwa sodo au tamponi ama ni kuchache zaidi. Baadhi ya tafiti hizo zilifanywa hapa hapa Kenya, kwa wasichana wa shule wa kaunti ya Siaya. Kimoja hudumu hata miaka kumi. Fanyeni hesabu ya sodo za miaka kumi, nyinyi wenye mabinti watatu.

Tamponi tunazitaja kwa tahadhari zaidi. Mwaka 1980 kule Marekani wanawake wengi waliugua, na wengine wakafa, kwa sumu ya bakteria iliyohusishwa na tamponi za kunyonya sana, mpaka aina moja ikaondolewa sokoni. Anayezitumia achukue ile ndogo inayomtosha, asiiache zaidi ya saa nane, na akishikwa na homa ya ghafla, kutapika na vipele aitoe na akimbilie hospitali. Hayo ndiyo maneno ambayo mama angemwambia binti yake. Kofi halimfundishi mtu saa nane.

Na swaumu? Tumeulizwa sana. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i kitu kikiingizwa ndani ya utupu mchana wa Ramadhani hufunguza. Lakini mwenye hedhi hafungi! Swali hilo linamhusu mwenye istihadha, yaani damu ya ugonjwa, ambaye anafunga na kuswali. Yeye wanavyuoni wamemwelekeza aache kupachika pamba mchana na ajifunge kwa nje. Kwake sodo au kitambaa ndiyo salama yake.

Sasa zamu ya kitambaa, kwani wapo waliotuambia: "Sisi mama zetu walivaa vitambaa na wakatuzaa, hayo mengine ni anasa." Kitambaa ni chema. Asma bint Abi Bakr (R.A.) amepokea kwamba mwanamke alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu damu iliyoingia nguoni, akaelekezwa aikwangue, aisugue kwa maji, kisha aswali na nguo hiyo. Na hata neno lenyewe sodo, ambalo leo limekaa kwenye pakiti za dukani, asili yake ni kile kitambaa cha bibi zetu.

Lakini hao bibi hawakuachiwa kitambaa tu. Waliachiwa na somo. Mwari wa Mombasa na Lamu alipovunja ungo alikabidhiwa mwanamke mtu mzima, si mama yake, aliyemfundisha kupiga uinda, kufua, kuhesabu siku na kukoga josho. Mwari aliweza kumuuliza somo wake yale ambayo mama hangeulizwa. Sisi tumemwondoa somo, tukasema ni mambo ya kizamani (na kwa baadhi ya ngoma zilizoandamana naye, tulikuwa na haki), kisha mahali pake hatukuweka mtu. Tukaweka kimya. Binti wa leo anafundishwa hedhi na rafiki yake wa darasa moja ambaye naye hajui.

Matokeo yake yapo vyumbani mwetu. Kitambaa kinafuliwa usiku kwa maji ya kikombe kimoja, kisha kinaanikwa chini ya godoro au nyuma ya kabati ili kaka zake wasikione. Hakikauki, kinavundia, na asubuhi binti anakivaa hivyo hivyo chini ya buibui, kutwa nzima kwenye joto la Mombasa. Kisha anawashwa, anapata vidonda, na anaogopa kusema. Kitambaa kinataka maji mengi, sabuni na jua. Sasa katika mitaa ambayo mfereji unakauka wiki nzima na mtungi wa mkokoteni ni pesa, mwambieni binti hayo maji atayatoa wapi. Na jua, jamani! Jua la Allah ni la bure na limejaa uani, tunalinyima kwa aibu. Kama ni kuona haya, tandika kitambaa chepesi juu yake kikauke, nani atajua?

Na tukiwa kwenye maji, neno moja la haraka kwa kina mama wanaowalazimisha mabinti kuosha sodo za dukani kabla ya kuzitupa, kwa hofu ya majini au ya wachawi. Hilo si wajibu. Ifunge vizuri, itie kwenye pipa, usiitupe chooni. Na dhidi ya majini tumefundishwa adhkari.

Sasa tunawageukia kina baba, maana mpaka hapa mmekuwa mkisoma kwa raha mkidhani hayawahusu.

Msichana anayetokwa na damu siku tano na kubadilisha mara nne kwa siku anahitaji sodo 20. Pakiti nyingi za dukani zina nane au kumi. Kwa hiyo pakiti moja ambayo mama anaibana kutoka kwenye pesa za mboga haimtoshi. Inambidi avae moja asubuhi mpaka magharibi, au asiende shule. Mafakihi wa Kishafi'i walipoandika nafaka ya mke walitaja hata kitana, mafuta na kitu cha kuoshea kichwa, kwa kuwa usafi ni katika haki zake. Leo mume anayejua bei ya muguka ya kila duka la mtaa wake hajui pakiti ya sodo ni shilingi ngapi. Tuliwauliza wanaume kumi na mmoja baada ya Isha katika baraza moja. Wawili walijua. Mmoja wao ni muuza duka!

Asiyetoa nafaka hii na ajue nani anaitoa badala yake. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa magharibi mwa Kenya uliowahoji wasichana na wanawake 3,418. Miongoni mwa wasichana wa miaka 15, kama mmoja katika kumi alikiri kwamba amewahi kulala na mwanamume ili apate pesa za sodo. Mtasema huko si kwetu, na ni kweli kwamba pwani haikuhesabiwa katika utafiti ule. Lakini umaskini wa kule ndio wa Kisauni na Likoni, na mwendesha boda anayempa binti "lifti" na shilingi mia yupo kila mahali. Subhanallah, mnalinda kizinda dhidi ya kikombe cha silikoni, na mlango wa nyuma mmeuacha wazi kwa shilingi mia!

Wala tusijifiche nyuma ya serikali. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwenye sodo tangu 2004, na sheria iliyorekebishwa 2017 inasema kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bure, za kutosha na zenye ubora. Sheria ni njema, tuidai. Jirani zetu Tanzania waliondoa VAT mwaka 2018, wakairudisha 2019 kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Basi faida ya kodi inaweza kuishia kwa mfanyabiashara, na sodo ya serikali inaweza kufika shuleni muhula huu isifike ule mwingine. Hedhi haingoji muhula.

Na walimu, pamoja na maustadhi wetu, nao wana sehemu yao. Mwezi wa Septemba 2019, katika kaunti ya Bomet, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai baada ya kuchafuka nguo darasani. Mama yake alisema mwalimu alimwita mchafu na akamtoa nje. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiegemea mapajani mwa Bibi Aisha akisoma Qur'ani hali Aisha yumo hedhini. Ustadhi anayemuuliza binti mbele ya wavulana kwa nini leo hashiki msahafu, amemwiga nani?

Tunarudi kwa yule mama. Tulimwita, akaja amenuna, akatusikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Sasa mwataka nikamnunulie chengine?" Tukamwambia la, kwanza kamuulize yeye anataka nini, halafu umsikilize, hata akisema kitu usichokipenda. Alikwenda. Baada ya siku mbili akatupigia simu. Binti alimwambia kwamba kile kikombe hakuwahi hata kukitoa kwenye mfuko wake, kilimtia hofu tangu siku aliyopewa. Alikibeba nyumbani ili amuulize mama yake. Alichotaka ni sodo za dukani za siku za shule, vitambaa vya nyumbani wakati wa likizo, na ndoo yake mwenyewe ya kufulia.

Ndoo imenunuliwa. Ni baba aliyeileta.